Shangazi Ukurasa wa Tisa

Simu ililia Alhamisi saa mbili asubuhi, nami nilikuwa na kipande cha penda mkononi, kile kitamu chetu cha maziwa na sukari, nakaribia kukitia mdomoni. Hapo ndipo niliposimama wiki iliyopita katika safu hii. Tangu gazeti litoke watu wananisimamisha njiani: "Pushkarbhai, sema basi, ilikuwa simu ya nani?" Ningekuwa na haya ya kutosha ningenyamaza hapohapo. Lakini nimeshaanza kuvua nguo mbele za watu, na kubaki na soksi hakutanisaidia kitu.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni mwandishi wa vitabu hapa Ahmedabad, nakaa ndani ya pol ya mafundi shaba, mtaa wa nyumba ishirini na saba na lango moja. Miaka kumi na tisa nimeikimbilia Nishani ya Chandrodaya, ile anayopewa mwandishi mmoja wa Kigujarati kila Januari, pamoja na shali ya mabegani na nazi. Mwaka huu wakanipa. Kitabu kilichonipa ushindi kinaitwa Jivkor.

Jivkor ni shangazi yangu, dada yake baba. Alifiwa na mume akiwa na mtoto wa kunyonya, akarudi Sihor kwa kaka yake. Mama yangu naye alipofariki, akanilaza kwenye mkeka mmoja na mwanawe, Labhu, akatulea sawasawa. Hata hili jina la Pushkar alinipa yeye, maana kwetu jina la mtoto hutoka kinywani mwa shangazi.

Pol nzima ilishakula penda zangu. Sherehe ilikuwa Jumapili.

Basi, nikapokea simu.

"Kaka." Alikuwa Labhu. "Kaka, Mama ametuacha."

Nikakishusha kile kipande cha penda.

"Lini?"

"Alfajiri hii. Jana alikuwa mzima kabisa, kaka. Kashinda jikoni anakupikia sukhdi ya unga na samli kwa sherehe yako. Nikamwambia, Mama, kaka ameshanunua penda kilo kumi. Akanijibu, penda za dukani ni za majirani, mwanangu atalishwa na mkono wangu. Akalifunga kopo, akalala. Ndiyo basi."

Labhu akalia. Mimi nikamsikiliza, na macho yangu yalikuwa kwenye kadi ya mwaliko iliyosimama juu ya redio.

"Panda basi la saa mbili na nusu," akasema. "Saa saba utakuwa hapa. Moto wa mazishi tutausubirisha mpaka saa nane. Mbele ya machela nimekuwekea nafasi yako. Bega la kulia wewe, la kushoto mimi."

Ndugu msomaji, nataka ujue jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi, kwa sababu hiyo ndiyo aibu yenyewe. Sikuwaza shangazi. Niliwaza hesabu ya siku.

Kwetu mfiwa hawashi taa ya sherehe, havikwi shali, hapokei nazi, mpaka siku za msiba ziishe. Na Chandrodaya wana kanuni yao: asiyefika jukwaani kwa miguu yake, nishani inamwendea aliyemfuatia. Aliyenifuatia alikuwa Bhanuprasad, yule aliyewahi kuandika gazetini kwamba vitabu vyangu vinafaa kufungia karanga.

"Labhu," nikasema, na sauti ikatoka dhaifu bila hata kuilazimisha, "mimi niko kitandani. Homa ya matumbo. Daktari amenikataza hata kusimama."

Akavuta kamasi.

"Homa ya matumbo? Tangu lini?"

"Siku ya tano leo."

"Na hukutuambia! Na sherehe je?"

"Sherehe gani tena. Nimeshawaandikia siji."

Nilidhani atashuku. Wapi! Akazidi kulia, sasa ananililia mimi.

"Maskini kaka yangu. Nishani umeikosa, na Mama umemkosa, yote ndani ya wiki moja. Basi usiinuke. Mama mwenyewe angenigombeza kama ningekutoa nje na homa. Lala. Moto nitauwasha peke yangu."

Akakata.

Kokila, mke wangu, akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nani huyo, Baba Falguni?"

"Mtu wa benki."

"Benki ndiyo ikunyong'onyeze hivyo? Haya kula penda yako, uso urudi."

Nikaila. Mbele yake, nikaimaliza yote.

Mchana kutwa nikajifanyia uwakili. Kwa kawaida zetu, nikajiambia, binti akishaolewa ni wa ukoo wa mumewe. Kwao alikozaliwa mwiko wa msiba wake ni siku tatu tu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili mimi ni safi kama bakuli lililosuguliwa! Ningekuwa na mtu wa kumweleza ningemweleza kwa vifungu.

Saa nane ikagonga. Nikaenda kuoga, nikajimwagia maji ya baridi kichwani kama anavyopaswa kuoga aliyefiwa, nikaita hiyo ni heshima yangu kwa shangazi. Kisha nikajifuta vizuri nywele ili Kokila asiulize.

Ijumaa nyumba ilijaa. Mimi, mnanijua, napenda nyumba ijae, viatu vizagae mlangoni mpaka mtu aondoke na kiatu cha mwenzake. Lakini siku hiyo kila aliyeingia alikuja na jina moja.

"Jivkorba atakuja? Tumguse miguu!"

"Kile kipande cha homa, Pushkarbhai! Kimeniliza!"

Ni kipande cha sura ya pili. Nikiwa mtoto, nikiungua homa, shangazi alikuwa akinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Viganja vyake vilikuwa na sugu za jiwe la kusagia, havikusikia tena joto la mtu. Kipande hicho kimesomwa redioni mara mbili.

"Hataweza kuja," nikawa nawaambia. "Magoti yamevimba."

Kokila akasikia. "Magoti? Wiki iliyopita alinambia amepanda ngazi za hekalu zote. Ngoja nimpigie."

"Mwache apumzike, mama."

"Nimemnunulia sari nyeupe ya pindo la kijani, nataka tu kumwambia."

"Tutampelekea. Jumatatu tutakwenda wote, utampa mwenyewe."

Alifurahi kiasi kwamba alinishika shavu. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mbele ya wageni.

Jumamosi jioni Labhu akapiga tena. Nikatoka na simu mpaka barazani, nikaanza na kikohozi.

"Kaka, homa?"

"Inapanda inashuka."

"Sauti yako haina mtu ndani," akasema. "Inanitia wasiwasi. Sikiliza, tangazo la Mama linatoka kesho gazetini. Watu waje kukaa nasi Jumatatu. Nimelipia na toleo la Ahmedabad, kwa sababu wewe una watu wengi huko. Jina lako nimeliweka la kwanza, juu ya langu."

"Labhu, hapana, hakukuwa na haja..."

"Wewe ndiye mkubwa, kaka. Na picha nimetoa ile ya ujana wake, ya kwenye tamasha la mela."

Mnalijua gazeti letu. Ukurasa wa tisa wa Jumapili ni nyuso za marehemu kutoka juu mpaka chini, na jina la kila jamaa chini yake. Na ukurasa wa tatu wa gazeti hilohilo, nilijua, nitakuwepo mimi, nimecheka mpaka magego yanaonekana.

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa langoni mwa pol na sweta juu ya nguo za kulalia. Juu kwenye nyaya nyuzi za tiara za sikukuu ya wiki iliyopita bado zilikuwa zinaning'inia. Mzee Jethalal wa magazeti akaja na baiskeli yake.

"Nipe yote ya pol yetu," nikamwambia.

"Yote?"

"Picha yangu imo. Wageni wangu wa leo, kila mtu apate nakala."

Akayashusha yote ishirini na saba, akayaweka mikononi mwangu kwa heshima, kisha akaniinamia mguuni. "Umetutoa kimasomaso, Pushkarbhai. Nitawaambia wateja wangu yamechelewa."

Nikayapandisha ghorofani, nikayasukuma chini ya kitanda. Moja nikalifungua.

Ukurasa wa tisa, safu ya pili. Shangazi alikuwa na miaka kama thelathini, pua imenyooka, anaitazama kamera kama anayeidai maelezo. Chini yake: Jivkor wa Sihor. Halafu: Pushkar, mwandishi, Ahmedabad. Halafu ndiyo Labhu.

Nikalikunja. Nikaenda kunyoa ndevu.

Nilikuwa na povu usoni mlango ulipogongwa. Mzee Ratilal, jirani wa nyumba ya pili. Mzee huyu kila asubuhi anakunywa chai kwenye kibanda cha nje ya lango, na hulisoma gazeti la kibandani, akianzia ukurasa wa tisa. Husema kwa umri wake ni lazima kwanza ahakikishe hayumo.

Nilikuwa nimewasahau watu wa kibandani.

"Mwanangu," akanong'ona, mkono wake umeshika mlango. "Miwani yangu ni mibovu, nisamehe. Sihor kuna Jivkor mwingine?"

Angeweza kuniokoa mzee yule. Ningesema ukweli hapo, kwa mtu mmoja tu, kwa kunong'ona, mambo yangeisha kwa machozi na maji ya kuoga.

"Wapo wanne, Mzee wangu," nikamwambia. "Jina la kizamani lile. Nami nimeliona nikashtuka."

"Na mwandishi Pushkar?"

"Nyie mna Pushkar mmoja tu nchi hii?"

Akashusha pumzi, akaketi ngazini, akacheka mpaka akakohoa. "Mungu ashukuriwe! Moyo ulishafika magotini. Nikasema, haiwezekani Pushkar wetu. Pushkar wetu angekuwa Sihor tangu juzi, miguu mitupu!"

Akaenda zake anacheka. Mimi nikarudi kwenye kioo. Nilijikata mara mbili.

Sasa ukumbini.

Watu mia nne. Sikusimulii mapambo, mliokuwepo mliyaona. Mstari wa mbele Kokila na sari yake ya arusi, pembeni yake Mzee Ratilal, pembeni yake kiti kitupu. Kokila alikiwekea leso.

"Cha nani hicho?" nikamwuliza kabla sijapanda.

"Cha Shangazi. Hata kama hayupo. Kitabu ni chake, Baba Falguni, si chako peke yako."

Bhanuprasad alikuwa mstari wa tatu, amekunja mikono. Niliposhika mshumaa kuwasha taa, utambi ukanikatalia mara ya kwanza. Mara ya pili ukashika. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni furaha imenizidi.

Profesa Vasavada, mwenyekiti wa Chandrodaya, akasema maneno ambayo nimeyangoja miaka kumi na tisa, na siwezi kuwaambia ni yapi, kwa sababu sikuyasikia. Nilikuwa nakitazama kiti chenye leso. Akanivika shali. Akaniwekea nazi mkononi. Akalifungua kasha la nishani.

Hapo kijana wa mlangoni akapita ubavuni akampa kikaratasi. Nilidhani ni jina la mgeni rasmi aliyechelewa.

Profesa akakisoma. Akatabasamu mpaka masikioni.

"Ndugu zangu! Kabla sijaikabidhi nishani hii! Mnamkumbuka Labhu? Labhu wa mkeka mmoja, aliyekuwa akimwibia kaka yake blanketi? Labhu yuko mlangoni! Ametoka Sihor! Apite mbele!"

Makofi. Watu wakageuka. Wengine wakasimama wamwone.

Nilimwona mtu akija katikati ya viti, amevaa kofia ya sufu ya kufunika masikio na shali ya kijivu, kopo la bati kifuani. Kwa hatua kumi nzima sikumjua. Labhu wangu ana masharubu mapana kama ufagio, tangu ujana. Mtu huyu mdomo wake wa juu ulikuwa mtupu, ngozi nyeupe kama ya mgonjwa.

Ndipo nikaelewa. Amenyoa. Masharubu, na chini ya kofia kichwa chote. Ni mwana aliyewasha moto wa mama yake.

Na mwana huyo, mnajua wenyewe, hatoki nje ya nyumba mpaka siku ya kumi na mbili.

Alitoka. Baadaye nilijua jinsi ilivyokuwa, lakini nawaambia sasa: alipanda basi alfajiri kwa sababu ya sauti yangu simuni. Wazee walimzuia mlangoni, akawaambia mmoja ameshakwenda, huyu mwingine sitamwacha afe peke yake. Alikuta nyumba yangu imefungwa. Akamwuliza muuza tambuu wa langoni, mgonjwa wamempeleka hospitali gani? Yule akacheka: "Mgonjwa? Nenda ukumbini ukamwone mgonjwa anavyong'ara!"

Akapanda ngazi za jukwaa moja moja. Aliniangalia usoni, akaiangalia shali, akaiangalia nazi. Sikuona hasira. Ningeiona hasira ningeshukuru.

"Karibu, karibu!" Profesa alimkumbatia pamoja na kopo lake. "Baridi ya Ahmedabad imekutesa nini, mbona kofia? Vua, upate hewa, taa hizi ni moto!"

Labhu akaishika kofia yake kwa mkono mmoja, akaivuta chini zaidi.

"Nimezoea hivi, bwana."

Aliificha. Mbele ya watu mia nne, ndugu yangu alinifichia uchi wangu kwa kofia ya sufu, jasho likimtiririka shingoni.

"Na humo kuna nini?"

"Sukhdi. Ya kaka. Mama alipika."

Ukumbi ukasema "aaah" kwa pamoja. Chini, Mzee Ratilal aliyekuwa akipiga makofi aliacha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akautazama mdomo wa Labhu. Kisha akanitazama mimi.

Kokila alikuwa ameshaona. Hakulia. Alichukua pindo la sari yake ya arusi, akalivuta taratibu mpaka likamfunika kichwa chote, kama afanyavyo mwanamke aliyeingia nyumba ya msiba. Kisha akaichukua ile leso kwenye kiti kitupu, akaifumbata.

Nilisubiri ukumbi mzima uone. Haukuona. Profesa naye alishampa Labhu kipaza sauti.

"Ndugu Labhu, sote hapa ni watoto wa Jivkorba sasa. Tuambie mwenyewe. Magoti yamepoa? Hajambo Mama?"

Labhu alikitazama kipaza sauti. Akaliweka kopo chini, miguuni pangu. Akanisogelea mpaka nikaisikia harufu ya moshi kwenye shali yake. Akainua mkono, akaugeuza, akaniwekea paji la uso kwa mgongo wa mkono.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Walikijua kipande hicho. Walidhani tunawaigizia kitabu.

Hakuna aliyemsikia ila mimi.

"Homa imeshuka, kaka?"

Alingoja kidogo, kama mtu anayetaka jibu kweli. Halafu akaukunjua mkono wangu wa kushoto, kidole kwa kidole, akaniwekea kipaza sauti, akawageukia watu.

"Mwulizeni kaka," akasema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Mwandishi ni yeye."

Profesa akacheka, nishani imening'inia mkononi mwake, sentimita chache kutoka shingoni pangu.

"Haya, Pushkarbhai! Hajambo Shangazi?"

Makofi yakafa. Mia nne wakanyamaza wanisikie. Mstari wa tatu, Bhanuprasad alikuwa amekunjua mikono na ameinama mbele. Kokila alikuwa ameinamisha kichwa, pindo limemfika machoni.

Nikakiinua kipaza sauti mpaka mdomoni. Yaliyotoka humo, wiki ijayo.